Namna ya Kulitazama Kanisa la Kale la Bagamoyo Kuanzia Ufukweni

Wageni wengi huingia katika eneo la misheni ya Bagamoyo kwa gari, wakaupiga picha mnara na kuondoka. Ni afadhali uanze ufukweni, tena asubuhi, kwa sababu mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofungua misheni hii mwaka 1868 walitokea Unguja kwa njia ya bahari, na mpangilio wa eneo lote humwelea zaidi anayepanda kutoka majini. Simama penye msalaba, kisha ufuate njia ya miembe ya kale kwa mwendo wa taratibu, jua likiwa mgongoni, hadi majengo yatakapojitokeza.

Utakapoufikia mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872, utaambiwa kwamba ni Mnara wa Livingstone. Jina hilo linatokana na usiku mmoja wa Februari 1874, ambapo maiti ya David Livingstone ililazwa hapo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuichukua kwa miezi ipatayo tisa kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Kwa maoni yangu, wachukuzi hao ndio waliostahili mnara uitwe kwa jina lao.

Sasa sogea karibu na ukuta, maana hapa ndipo penye mengi ya kujifunza. Majengo ya zamani ya pwani hii yalijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, nayo chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la kuni. Chokaa huruhusu unyevu kutoka. Saruji huuzuia, na chumvi ya bahari iliyonaswa nyuma yake huganda na kuibandua plasta. Kwa hiyo, ukiona kiraka kigumu cha kijivu kimezungukwa na plasta iliyovimba, fahamu kwamba huenda kuna fundi aliyekarabati kwa saruji pasipostahili.

Kisha uende kwenye kanisa kubwa, lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914. Kabla ya kuitazama altare, inua macho uuangalie upana wa jengo. Vyumba vya nyumba za mawe za Waswahili kwa kawaida havizidi mita 3 hivi kwa upana, kwa kuwa boriti za mikoko haziwezi kubeba dari pana zaidi ya hapo, ilhali kanisa linahitaji ukumbi utakaokusanya waumini wote mahali pamoja. Linganisha basi paa hili na dari za nyumba za Mji Mkongwe, utaona mafundi walivyolazimika kubadili mbinu.

Hii ni parokia inayosali hadi leo. Ukikuta Misa inaendelea, subiri nje chini ya miti hadi iishe, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ndani.