Kuirudia Morrowind bila kuitupa njiani

Wengi wanaoirudia gemu ya Morrowind huiacha ndani ya saa ya kwanza. Wanampiga panya kwa kisu mara kumi, kisu kinapita hewani, na lawama unabebeshwa umri wa gemu, kwa kuwa ilitoka mwaka 2002. Umri hauhusiki. Kila pigo hupigiwa hesabu: ujuzi wa silaha, jumlisha moja ya tano ya Agility (wepesi) na moja ya kumi ya Luck (bahati), kisha zidisha kwa 1.25 kama mstari wa kijani wa Fatigue (nguvu iliyobaki mwilini) umejaa, au kwa 0.75 kama umekauka. Ukwepaji wa adui hutolewa baadaye.

Tuchukue mhusika wa kabila la Redguard aliyeweka Combat (mapigano) kama fani yake na Long Blade (panga ndefu) miongoni mwa ujuzi mkuu. Anaanza na 50. Akiwa na Agility 40 na Luck 40, hajachoka, hesabu inampa karibu 77 katika 100. Mwenye ujuzi 5 aliyeokota kile kisu cha chuma kwenye ofisi ya forodha ya Seyda Neen, kijiji gemu inakoanzia, akaja akikimbia hadi Fatigue ikaisha, anapata 13. Basi kimbia ukitaka, ila ukiona adui simama kwanza mstari ujae. Fatigue hiyo hiyo hupunguza uwezekano wa uganga wako kufaulu, na hata bei ya dukani.

Kwa kusakinisha, tumia OpenMW. Ni injini ya bure, inakwenda kwenye Windows, Linux na macOS, lakini inahitaji mafaili ya gemu halisi uliyonunua: Morrowind.esm na wenzake kwenye folda ya Data Files. Modi (nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji) zinazotegemea MWSE, programu ya kuongezea uwezo injini ya zamani, hazifanyi kazi humo, kwa hiyo soma maelezo ya kila modi kabla ya kuipakua. Ondoa alama ya tiki kwenye Tribunal, nyongeza rasmi ya gemu, kwa sasa. Ukiiacha, wauaji wa Dark Brotherhood watakuvamia usingizini ungali levo ya kwanza. Utairudisha baadaye ukishakuwa na silaha ya maana.

Endurance (ustahimilivu) ipandishe mapema. Kila ukipanda levo unaongezewa uhai sawa na moja ya kumi ya Endurance uliyonayo wakati huo, na levo zilizopita hazilipwi fidia. Mazoezi ya Spear (mkuki), Heavy Armor au Medium Armor (mavazi ya vita mazito au ya kati) ndiyo yanayoisukuma: pointi 10 za ujuzi huo ndani ya levo moja hukupa nyongeza ya 5.

Sasa ramani. Hakuna mshale wa kukuongoza. Kuna maneno ya watu na daftari lako, na humo ndimo ilimo raha yote ya kisiwa cha Vvardenfell. Ukitumwa kwenye magofu ya Arkngthand kutafuta kijisanduku, toka mji wa Balmora hadi ngome ya Fort Moonmoth, vuka daraja la kale la Dwemer (watu wa kale waliotoweka) juu ya bonde la Foyada Mamaea, kisha tafuta mkono wa kuzungusha uliopo kwenye bomba. Bila kuuzungusha, mlango haufunguki. Kijisanduku chenyewe ni kidogo na kiko juu ya rafu. Watu hukipita wakidhani lazima kiwe chini kabisa, kwenye vyumba vya mwisho.

Safari ya kwanza ya kila barabara nenda kwa miguu. Ya pili panda silt strider, mdudu mkubwa anayebeba abiria, au lipia waganga wa Mages Guild (chama chao) wakurushe kati ya Balmora, Caldera, Ald'ruhn, Vivec na Sadrith Mora. Mark na Recall, uganga wa kuweka alama mahali na kurudi hapo papo hapo, zitunzie mapango ya mbali.

Kama mara ya kwanza uliingia House Hlaalu, moja ya nyumba (koo) kubwa za kisiwa, safari hii jiunge na Telvanni, nyumba ya waganga. Huwezi kuwa katika nyumba mbili, na minara yao ya uyoga haina ngazi: jifunze Levitate (uganga wa kuelea) kabla hujabisha hodi.

Karibu na Seyda Neen, kwenye njia ya Balmora, mtu ataanguka kutoka angani akipiga kelele. Ana hati tatu za kurukia. Kila moja hudumu sekunde 7, na zinakwisha ungali juu, ndicho kilichomuua yeye. Ukiruka kwa moja, soma ya pili kabla ya kugusa ardhi. Na sevu kwanza.