Namna ya Kuisoma Baiskeli Kongwe ya Kiingereza

Anayetaka kuufahamu utamaduni wa baiskeli wa Uingereza kwa kawaida huelekezwa kwenye medali za Olimpiki na washindi wa Tour de France. Mwongozo huu unaanzia kwenye baiskeli yenyewe, ikiwa imepinduliwa juu ya sakafu, mbele ya mtu mwenye tochi, kitambaa na kalipa, yaani kifaa cha kupimia unene. Wabunifu wengi waliouumba utamaduni huo walikuwa mafundi wa karakana ndogo, na saini zao walizipiga kwa nyundo, wakazilehemu na kuzinyoosha kwa tupa juu ya chuma. Ukijua mahali pa kutazama, fremu iliyolala ghalani tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia inaweza kukueleza ilikotengenezwa, ilitengenezewa mtu wa namna gani, na hata kwa nini ilipewa umbo ililo nalo.

Kwanza itazame ukiwa umesimama mbali kidogo. Magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, cheni inayoendesha gurudumu la nyuma, na mpandaji aliyeketi katikati: huo ni mpango wa John Kemp Starley wa Coventry, aliyeitoa baiskeli yake ya Rover mwaka 1885, na miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akaipatia tairi la upepo. Karibu kila baiskeli unayoiona leo barabarani ni mjukuu wa kazi ya hao wawili. Swali lako la kwanza basi ni hili: mjukuu huyu ni wa ukoo wa mizigo na safari za kwenda kazini, au wa ukoo wa mbio na klabu za Jumapili?

Ukoo wa kwanza hauhitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Ni ile baiskeli nyeusi, ndefu, yenye usukani uliorudi nyuma, breki za fimbo za chuma badala ya waya, na madigadi yanayofunika karibu nusu ya gurudumu. Raleigh, iliyoanzia katika Mtaa wa Raleigh mjini Nottingham katika miaka ya 1880, ilizisambaza pande nyingi za dunia, za kwetu zikiwamo. Nembo yake ni kichwa cha korongo, na katika baiskeli nyingi zake utakuta vichwa vya korongo vimekatwa ndani ya sahani ya meno ya mbele, jambo ambalo watu hukanyaga pedali miaka ishirini bila kuliona. Fundi yeyote aliyewahi kugonga kota pini ya mkono wa pedali chini ya mwembe amekwisha shika mkononi sehemu ya historia hii.

Ikiwa baiskeli ina gia tatu zilizofichwa ndani ya habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, una bahati, kwa sababu habu za Sturmey-Archer, kampuni iliyoanza mwaka 1902 mjini Nottingham, mara nyingi hupigwa muhuri wa tarehe. Futa mafuta yaliyoganda kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha zungusha gurudumu polepole huku ukimulika tochi. Katika aina iitwayo AW, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1936, utaona jina la kampuni na, hasa katika zile zilizotengenezwa baada ya vita, namba ya mwaka ikifuatwa na ya mwezi. 64 na 3, kwa mfano, ni Machi 1964. Kumbuka tu kwamba tarehe hiyo ni ya habu. Gurudumu hubadilishwa, kwa hiyo usikate shauri kuhusu umri wa fremu kabla hujapata dalili ya pili.

Ukoo wa pili ndio wenye utajiri, na hausomeki bila kujua sheria zilizoubana. Katika miaka ya 1890 chama kilichosimamia mbio za baiskeli Uingereza kilipiga marufuku mashindano ya kundi zima barabarani, kwa kuhofia kwamba polisi na wenye farasi wangewafungia njia waendesha baiskeli wote. Frederick Thomas Bidlake na wenzake wakatafuta pa kupenyea: kila mshindani aondoke peke yake, akishindana na saa, alfajiri, akiwa amevaa nguo nyeusi tangu shingoni hadi miguuni ili asionekane kama mtu aliye mashindanoni. Siri hiyo imeacha alama hadi leo, kwani njia za mbio hizo bado hutajwa kwa herufi na namba, kama V718, badala ya majina ya vijiji. Percy Stallard alipoandaa mbio za kundi kutoka Llangollen hadi Wolverhampton mwezi Juni 1942, alifungiwa na wakubwa wa mchezo. Katika ulimwengu huo wa saa na barabara tupu ndimo Beryl Burton wa Yorkshire alimopanda maili 277.25 kwa saa 12 mwaka 1967, akiwapita hata wanaume. Alipokuwa akimpita Mike McNamara, aliyekuwa akiongoza upande wao, alimpa peremende.

Sheria za uridhaa zilikuwa kali pia kuhusu matangazo, na wajuzi wengi wa fremu hueleza kwamba hapo ndipo penye chanzo cha maumbo ya ajabu ya miaka ya 1930. Ikiwa jina la mtengenezaji halitakiwi kuonekana katika picha ya mshindi, basi chuma chenyewe na kiseme jina. Kwa hiyo tazama mabomba membamba yanayotoka kwenye siti na kwenye pedali kwenda kwenye ekseli ya nyuma. Yakiwa yamepinda kama mawimbi, huenda umeshika Hetchins, ya Hyman Hetchin, mhamiaji kutoka Urusi aliyekuwa na duka Tottenham, London, na fundi wake Jack Denny. Foki, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, ikipinda mara mbili na mabomba yakinenepa katikati, fikiria Bates ya London. Bomba la siti likisimama karibu wima ili gurudumu la nyuma lisogezwe mbele, hiyo ni dalili ya Baines ya Bradford. Watengenezaji walidai kwamba mapindo hayo yalipunguza mtikisiko au kuongeza kasi. Mimi naona kwamba kazi yake kubwa ilikuwa kutambulika kutoka ng'ambo ya barabara, na kwa kazi hiyo yalifaulu kabisa.

Sasa sogea karibu, hadi kwenye viungio vya chuma vinavyokutanisha mabomba, ambavyo mafundi huviita lagi. Hapa usiharakishe. Pitisha ukucha kwenye ukingo wa kiungio: katika baiskeli ya kiwandani utakwama kwenye ngazi nene, lakini katika kazi ya fundi aliyejiheshimu ukingo umenyooshwa kwa tupa hadi ukawa mwembamba, na ukucha unateleza bila kizuizi. Angalia kama mstari wa lehemu umejaa sawasawa pande zote bila vitundu. Tazama pia ncha za kiungio, kwa kuwa baadhi ya mafundi walizikata kwa umbo la mkuki, ua au mizabibu, na mkato wa kushoto usipolingana na wa kulia umeona mkono wa mtu, pengine wa mwanagenzi, siku ya kazi nyingi.

Kuhusu mabomba, utasikia namba moja ikitajwa kwa heshima: 531. Alfred Reynolds wa Birmingham alisajili mwaka 1897 njia ya kutengeneza bomba lenye kuta nene kwenye miisho, ambako hulehemiwa, na nyembamba katikati, na mwaka 1935 kampuni yake ikatoa chuma cha 531 kilichochanganywa na manganizi na molibdeni. Fremu zilizotumia chuma hicho zilibandikwa stika, na stika, bahati mbaya, hununuliwa mpya. Niliwahi kulipa bei ya 531 kwa fremu iliyokuwa na stika safi mno, na nilipoifikisha nyumbani nikakuta nguzo ya siti yenye unene wa milimita 25.4. Fremu ya mbio ya 531 yenye kuta za namna hiyo kwa kawaida hupokea nguzo ya milimita 27.2, kwa kuwa ukuta mwembamba huacha nafasi pana ndani. Kwa hiyo chomoa nguzo na uipime kabla hujatoa pesa. Kipimo hicho ni dalili, si ushahidi kamili, lakini kingeniokoa.

Ukifikia kufungua ekseli ya pedali, zingatia hesi. Katika baiskeli za Kiingereza kikombe cha upande wa cheni kina hesi ya kinyume, hivyo hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea mwendo wa mshale wa saa. Wengi wameharibu fremu nzuri kwa kutumia nguvu upande usiofaa. Isitoshe, baiskeli nyingi za Raleigh zilikuwa na hesi za kampuni hiyo yenyewe, nyuzi 26 kwa inchi badala ya 24, kwa hiyo kikombe cha baiskeli nyingine kitaingia mzunguko mmoja kisha kikwame. Kikikwama, kitoe.

Siti ya ngozi yenye ribiti za shaba huenda ni Brooks, kampuni ya Birmingham iliyoanza mwaka 1866. Bonyeza ngozi kwa dole gumba: ngumu inaweza kuokolewa kwa grisi yake maalumu, iliyopasuka kwenye ribiti haiokoleki.

Baiskeli za magurudumu madogo husomwa kwa namna nyingine. Alex Moulton wa Bradford-on-Avon, aliyebuni springi za mpira za gari la Mini, alitoa baiskeli yake mwaka 1962 yenye magurudumu ya inchi 16 na mpira wa kumeza mishtuko mbele na nyuma. Watu walicheka, kisha Desemba mwaka huohuo John Woodburn akaitumia kuvunja rekodi ya barabara kutoka Cardiff hadi London. Andrew Ritchie, mhandisi aliyekuwa akiishi kwa kazi ya bustani, alianza katikati ya miaka ya 1970 kuunda baiskeli ya kukunjwa chumbani mwake, katika nyumba iliyotazamana na kanisa la Brompton Oratory, na kanisa hilo likaipa baiskeli jina. Ukiikagua Brompton, ikunje na kuikunjua mara tatu ukisikiliza bawaba, kisha tafuta kwenye viungio herufi ndogo zilizopigwa ndani ya chuma: kila fundi wa lehemu katika kiwanda chao cha London ana alama yake mwenyewe.

Ili macho yako yazoee, tembelea Jumba la Makumbusho ya Usafiri la Coventry au lile la baiskeli la Llandrindod Wells nchini Wales, ukaone nyingi kwa siku moja. Ukiziangalia utaelewa pia kwamba Graeme Obree wa Uskoti, aliyejiundia baiskeli yenye beringi za mashine ya kufulia na kuvunja rekodi ya saa moja kwa kilomita 51.596 huko Hamar, Norway, Julai 1993, alikuwa akiendeleza desturi ya karakana iliyokuwapo muda mrefu kabla yake.

Mwisho tafuta namba ya fremu, ama chini ya kisanduku cha ekseli ya pedali ama kwenye kipande cha chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, na uisome kabla ya kupaka rangi yoyote, kwa sababu rangi nene hujaza tarakimu na msasa huzifuta. Ipige picha ukimulika kwa pembeni. Kisha ichomoe foki na utazame shingo yake, mahali ambapo mafundi wengi wa London walipiga namba hiyohiyo. Zikifanana, fremu na foki zilitoka pamoja mezani kwa fundi. Zikitofautiana, foki huenda ilibadilishwa baada ya baiskeli kugonga kitu, na inafaa ukague kama bomba la chini lina mkunjo nyuma tu ya shingo ya usukani.