Kuchapisha mipangilio iliyojificha ya hati ya Word kwa makro

Hati ya Word hubeba vitu ambavyo huvioni kwenye menyu yoyote. Vibadilika vya hati (document variables, yaani majina yenye thamani yaliyohifadhiwa ndani ya hati) ndivyo vilivyojificha zaidi: havina hata dirisha la kuvitazama. Alamisho (bookmarks, alama za mahali ndani ya hati) zinazoanza na mstari wa chini, kama _Toc na _Ref, nazo hazitokei mpaka uombe. Makro fupi, yaani programu ndogo inayoendeshwa ndani ya Word, huvitoa kwenye karatasi, isipokuwa alamisho za _Toc.

Fungua hati. Kama imetoka kwenye barua pepe, bofya Enable Editing kwanza. Ikibaki kwenye Protected View (hali ya kusoma tu), makro haitaiona na utapata kosa la 4248. Bonyeza Alt+F11 (kwenye laptopu nyingine, pamoja na Fn) kufungua dirisha la kuandikia makro. Upande wa kushoto chagua Normal, kisha Insert, kisha Module. Bandika:

Sub Orodhesha()
Dim chanzo As Document, orodha As Document
Dim v As Variable, b As Bookmark
Set chanzo = ActiveDocument
Set orodha = Documents.Add
For Each v In chanzo.Variables
orodha.Range.InsertAfter v.Name & " = " & v.Value & vbCr
Next
chanzo.Bookmarks.ShowHidden = True
For Each b In chanzo.Bookmarks
If Left(b.Name, 4) <> "_Toc" Then orodha.Range.InsertAfter b.Name & vbCr
Next
chanzo.Bookmarks.ShowHidden = False
End Sub

Rudi kwenye hati yako, bonyeza Alt+F8, chagua Orodhesha, halafu Run. Orodha itafunguka kwenye hati mpya. Ipitie kwanza, ndipo ubonyeze Ctrl+P.

Usibadilishe mpangilio wa mistari miwili ya Set. Documents.Add hufanya hati mpya kuwa ndiyo ActiveDocument (hati inayotumika sasa), kwa hiyo ukiitanguliza utasoma hati tupu na kudhani hakuna kilichofichwa. Sharti la _Toc limewekwa kwa sababu jedwali la yaliyomo huunda alamisho kwa kila kichwa cha habari, na ripoti ndefu ingekumalizia karatasi bure. Wengine hutumia Debug.Print, inayoandika kwenye dirisha la Immediate la kihariri cha makro, badala ya hati mpya. Kwa vitu vichache inatosha, lakini dirisha hilo hubakiza takribani mistari 200 tu, ya mwanzo hupotea.

Kazi kubwa ya orodha hii ni pale ukurasa unapoonyesha "Error! No document variable supplied." Linganisha jina lililo kwenye fildi ya DOCVARIABLE, ile inayoonyesha thamani ya kibadilika kwenye ukurasa (Alt+F9 huonyesha misimbo ya fildi), na jina kwenye orodha, herufi kwa herufi. Jina likikosekana kabisa, huenda kuna makro iliyokipa kibadilika thamani tupu: Word hukifuta papo hapo.