Stendi ya laptop kwenye Land Cruiser, itengeneze mwenyewe

Kama unatoka Arusha kwenda Ziwa Natron na ramani zako ziko kwenye laptop, usiipakate mapajani jamani, itakufa. Bodi ya gari usiitoboe. Fungua bolti mbili za mbele za siti ya abiria, pitisha hapo flatibaa (chuma bapa) ya milimita 5 iliyotobolewa ilingane nazo, halafu kaza kisawasawa maana ndo zinashika siti, na bolti ikionekana fupi tafuta ndefu zaidi yenye ugumu ule ule. Fundi wa kuchomelea akusimamishie skwea paipu juu ya hiyo flatibaa, iwe fupi, ikirefuka tu inayumba, na mi naona kuyumba ni adui kuliko hata vumbi. Kichwani plaiwudi, chini yake vipande vya tyubu kuukuu vimeze mtetemo, ukifika Engaruka, huko njiani, utaelewa kwa nini. Laptop yenyewe ibane kwa mikanda ila matundu ya feni yabaki wazi. Laptop yenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ndo bora, hadidiski ya kuzunguka haivumilii mitikisiko. Umeme chukua soketi ya sigara kwa inveta ndogo, kile kifaa cha kugeuza umeme wa gari uwe kama wa nyumbani. Na tafadhali sana, stendi isikae mbele ya eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga), na siti hiyo asikae mtu.