Ofisi ndogo, kazi nyingi: jinsi ya kuwaendesha watu bila kugombana nao

Kama una ofisi ya watu watano mpaka kumi na tano hapa Tanga, iwe ya kugomboa mizigo bandarini, ya uhasibu au hata duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, mara nyingi shida sio uvivu wa watu kama mabosi wanavyopenda kusema. Shida ni kutegeana. Bosi anaandika kwenye grupu la WhatsApp "jamani naomba mfuatilie kontena la mteja wetu wa Korogwe", vidole gumba vinamiminika, kila mtu amekubali na hakuna anayenyanyuka kwenye kiti. Jioni ukiuliza unaambiwa nilijua fulani analo.

Sasa cha kwanza kabisa, kazi ipewe mtu mmoja kwa jina, na saa. Hata kama watafanya watatu, anayeulizwa ni mmoja. Tuseme dada wa forodha anaitwa Asha, muandikie hivi: "Asha, kontena la Korogwe, naomba kabla ya saa saba mchana uwe umejua kama malipo ya ushuru yamesoma kwenye mfumo. Ukikwama nipigie saa tano, usisubiri saa saba." Hiyo saa tano ndio muhimu kuliko hata saa saba, maana watu wetu wengi wakikwama wananyamaza, wanaona aibu kusema, au wanaogopa kufokewa, ukimpa ruhusa ya kukwama mapema atakuambia mapema bado kuna muda wa kuokoa jahazi.

Na kwa watu wa bandari hili limekuwa kubwa zaidi siku hizi. Zamani meli kubwa ilikuwa inatia nanga huko nje, mzigo unashushwa kwenye matishari ndio unavutwa mpaka gatini, kwa hiyo hata ofisi ikizubaa kidogo ilikuwa inajificha kwenye ucheleweshaji wa bandari yenyewe. Kina kimeongezwa mpaka mita 13 na meli inakuja kufunga gatini, mzigo unashuka haraka, sasa ukichelewesha makaratasi ni wewe unaonekana, na gharama za kukaa kwa mzigo bandarini anayezilalamikia ni mteja wako.

Kikao cha asubuhi kiwepo ila kiwe cha kusimama. Saa mbili kamili, dakika kumi na tano, chai na mihogo baadae. Kila mtu anasema leo anafanya nini, amekwama wapi na anamhitaji nani, basi. Likitokea jambo la watu wawili waambie wabaki wenyewe wakimaliza, usiwasimamishe wengine wanane wasikilize habari za invoisi moja. Bosi aongee mwisho jamani, ukianza wewe kikao kimeisha hapohapo, wengine wote watasema "kama alivyosema bosi".

Haya tuje kwenye lile ambalo vijana wanaopewa ubosi linawashinda, kumuongoza mtu mkubwa kuliko wewe. Una miaka 32, dereva ana 57, amekuona unakua mtaani. Wapo wanaojifanya wakali ili waonekane mabosi, na wapo wanaoona haya mpaka mzee anafanya anavyotaka, wote wanaharibu. Mimi naona adabu na kazi vinakaa pamoja bila shida yoyote, shikamoo haipunguzi cheo chako hata kidogo. Usimseme mbele ya watu na wala usimtume kijana mwenzako akamfikishie ujumbe, muite pembeni:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba mwanangu."
"Mzee wangu, kabla hujatoka nina jambo. Jana mzigo tulimuahidi mteja saa nane, umefika saa kumi, amenipigia mara tatu. Nini kilikwama?"

Halafu nyamaza, muache aseme. Umeona haijaulizwa "kwa nini umechelewa", hiyo inamfanya mtu mzima ajitetee, ukiuliza nini kilikwama utasikia labda karatasi ya getini alipewa saa saba na nusu, kumbe tatizo liko mezani kwenu wenyewe. Na kama kweli kosa ni lake mwambie wazi unataka nini safari ijayo, kwa upole lakini bila kuzunguka.

Grupu la kazi nalo lipewe mpaka. Jioni ikifika kazi za kesho zikae kesho, la dharura mtu apigiwe simu. Na hapa mabosi wengi wanajisahau, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, za ziada mkubaliane, zisizidi 50 ndani ya wiki nne na zilipwe mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Mtu wa kukeshwa kila siku kesho yake anakosea tarakimu, utatumia asubuhi nzima kurekebisha.

Ijumaa ipangie akili tofauti. Usiweke kazi ya mwisho saa saba mchana wakati nusu ya ofisi inawahi msikitini, iwe saa tano na nusu, na mchana weka vitu vyepesi kama kupanga mafaili na kuwapigia wateja.

La mwisho ni kazi kukaa kichwani kwa mtu mmoja. Likizo ya mwaka kisheria ni siku 28, na misiba haipigi hodi, mhasibu akienda Lushoto kuzika mnabaki mnampigia simu makaburini kuuliza faili liko wapi, ni aibu. Kila kazi iwe na mtu wa pili anayeijua, na kuwe na daftari la makabidhiano: mteja nani, imefikia wapi, kinasubiriwa nini, namba ya kumpigia nani. Ukurasa mmoja unatosha. Kama hujui uandike nini, mpe huyo mhasibu siku tatu za likizo yake mwezi huu na mkubaliane msimpigie, kila mtakachokwama kiandikeni, hicho ndio cha kujaza kwenye daftari akirudi.