Funguo za kundi lenu ziko mfukoni mwa nani?

Kwa miaka kadhaa nimeratibu kundi la watu wanaojitolea kuchora Mwanza kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora: vituo vya daladala Igoma na Buhongwa, ngazi za kupandia vilima vya Mabatini, zahanati, visima, mialo ya Ilemela. Tuna wanafunzi, tuna bodaboda, tuna mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni anayezijua njia za Kirumba kutushinda wote. Mara nyingi tunakutana kwenye simu. Hapa naeleza tunavyogawana uongozi na umiliki. Kama kundi lenu ni la makala za Wikipedia au la programu huria, mengi yatawafaa vilevile.

Hatua ya 1: Tenganisheni ziwa, mtumbwi na unahodha

Wavuvi wa dagaa wanalijua hili bila karatasi. Ziwa si la mtu. Mtumbwi, nyavu na taa ni vya tajiri. Lakini wakishatoka mwaloni usiku, anayesikilizwa ni nahodha, hata kama hamiliki hata kipande cha wavu. Ninyi liandikeni: kipi ni cha wote, kipi kina mwenyewe, nani anaongoza na mpaka lini.

Kwetu, ziwa ni data. OpenStreetMap ilianzishwa na Steve Coast huko Uingereza mwaka 2004, na tangu 2012 data yake hutolewa kwa leseni ya ODbL. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, mradi ataje ilikotoka, na akiiboresha kisha akaisambaza, aitoe kwa masharti yaleyale. Hata taasisi inayoendesha seva zake hujitambulisha kama msaidizi wa mradi, si mtawala wake. Kwa hiyo ukichora zahanati leo, na kesho mtu wa Ujerumani akasogeza lango lake mahali sahihi, hujaibiwa. Mwambieni mtu jambo hili siku anayojiunga. Akilisikia baada ya kukesha wiki tatu akichora, litamuuma.

Vyenye mwenyewe ni simu ya mtu, bando lake, na picha ambazo bado hajazitoa. Hivyo haviguswi bila ruhusa.

Hatua ya 2: Toeni funguo mfukoni mwa mtu mmoja

Hapa ndipo nimeona makundi mengi yakifa, na letu lilikaribia. Mwenzetu mmoja ndiye aliyefungua barua pepe ya kundi, jedwali la visima na kundi la WhatsApp, na admini alikuwa yeye peke yake. Siku moja, akiwa anavuka kwa kivuko kwenda Kamanga, simu yake ikaangukia majini. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la ndugu aliyekuwa safarini, na namba ya kurejeshea nywila ilikuwa ileile. Kazi ya wiki nyingi tuliianza upya kwa miguu. Yeye hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Kosa lilikuwa letu sote, tulimwachia mzigo na mimi mratibu sikuwahi kuuliza.

Sasa tunafanya hivi. Tunaorodhesha kila ufunguo: barua pepe, jedwali, folda ya picha, kundi la WhatsApp. Kila mmoja unashikwa na watu watatu wasioishi nyumba moja. Kisha, kila baada ya miezi mitatu, mshika ufunguo wa pili au wa tatu anaingia kwa simu yake mwenyewe huku wa kwanza amekaa kimya pembeni. Akikwama, hesabuni kwamba ufunguo huo hamna, mkaurekebishe siku hiyohiyo. Na pesa, hata zikiwa za bando tu, asizishike mshika nywila.

Kitu kimoja hakigawanywi: akaunti binafsi ya kuchorea. Kila mtu achore kwa jina lake, ili historia ionyeshe nani alifanya nini.

Hatua ya 3: Kila eneo lipewe mlezi

Mwanzoni tulisema kila kata iwe na "mwenyewe". Neno lile lilituponza. Kijana mmoja, mchapakazi kweli, alianza kufuta kila alichochora mtu mwingine katani kwake, na wageni wawili wakaondoka bila kuaga. Tukabadilisha neno likawa "mlezi", na mwenendo ukabadilika nalo. Wikipedia ya Kiswahili huwaita wasimamizi wake wakabidhi, na napenda sana maana yake: umekabidhiwa utunze cha watu. Huko pia kuna kanuni kwamba makala haimilikiwi na mtu, hata kama aliiandika yote yeye.

Mlezi wetu anapitia mabadiliko ya wiki, anamkaribisha mgeni kwa jina, na penye shaka anakwenda kuangalia. Ulezi ni wa miezi sita. Ukiisha, anaulizwa kama anaendelea.

Hatua ya 4: Sahihisheni kazi bila kumvunja mtu

Kila badiliko kwenye OpenStreetMap hubaki na tarehe, jina la akaunti na maelezo, na unaweza kuliandikia maoni. Basi ulizeni kabla ya kufuta: "Habari za kazi kaka. Njia ya juu Mabatini nimeona umeiweka ya magari. Niliipita Jumamosi nikakuta ngazi. Wewe uliionaje?" Mpeni siku tatu. Mara nyingi anasahihisha mwenyewe, na hapo mmepata mchoraji bora zaidi.

Mkibishana, mwamuzi ni ardhi. Kabla Daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa Juni 2025, mmoja wetu alilichora kama barabara iliyo wazi, kwa kuwa magari ya ujenzi yalikuwa yanapita. Mwingine akapinga. Tulilirudisha kuwa linajengwa, maana dereva mgeni angeongozwa na simu yake kwenye daraja lisilopitika huku abiria wanavuka kwa kivuko. Kuhusu majina msichoshane: ramani ina nafasi ya jina rasmi, jina la mtaani na jina la zamani. Jazeni yote.

Hatua ya 5: Ugomvi usioisha

Teueni watatu wasiohusika, na uamuzi wao uandikwe kundini pamoja na sababu. Ukiwashinda, OpenStreetMap ina kikosi cha watu wa kujitolea kinachoshughulikia migogoro ya data. Kunakili kutoka Google Maps hakujadiliwi. Kilichonakiliwa kinatolewa siku hiyohiyo, kwa sababu data ile ina mwenyewe.

Hatua ya 6: Kabidhi ukiwa bado una nguvu

Guido van Rossum, aliyeanzisha Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, aliiongoza tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Julai 2018, akiwa amechoshwa na mabishano ya pendekezo moja, akang'atuka bila kuteua mrithi. Watengenezaji walilazimika kukaa kwanza wakubaliane namna ya kujitawala, na tangu 2019 wanachagua baraza la watu watano. Wao walivuka. Kundi dogo kama letu lisingevuka.

Kwa hiyo kwetu, kwa mwezi mzima mratibu anayeingia ndiye anayeongoza vikao, na anayetoka anakaa akisikiliza. Swali likija kundini na jibu unalo, usijibu. Mtumie mratibu mpya pembeni, ajibu yeye. Hii ndiyo sehemu iliyonitesa kuliko zote. Nilikuwa nazima data ya simu ili nisishawishike kujibu.

Siku hizi uratibu uko kwa yule mama wa Mwaloni, nami ni mlezi wa Pasiansi. Wiki iliyopita aliniandikia kwenye badiliko langu: "Kaka, kituo cha daladala umekiweka upande usio wake. Kesho napita huko, nitakujulisha." Nikasubiri kesho yake.