Kutenga Saa ya Kutunga Katikati ya Wingi wa Habari

Mtunzi anayengoja habari zipungue ndipo aandike atangoja mpaka wino ukauke. Mwaka 1971 mchumi wa Marekani, Herbert Simon, alieleza kwamba habari hula usikivu wa anayezipokea, hivyo zikizidi, usikivu ndio unaopungua. Aliyasema hayo kabla simu haijaingia mfukoni mwa mtu yeyote.

Anza kwa kuhesabu. Kwa siku tatu, andika katika daftari kila ulichokisoma au kukisikiliza kwa zaidi ya dakika tano, na kando yake uandike kilikufaa kwa lipi. Nilipojipima hivyo nilikuwa na nia ya kutunga utenzi kuhusu mabaharia wa majahazi waliokuwa wakitia nanga katika Bandari ya Kale hapa Mombasa. Daftari lilinionyesha kuwa nilikuwa nimesoma juu ya pepo za kaskazi na kusi, juu ya boriti za mikoko zilizosafirishwa hadi Ghuba ya Uajemi, juu ya tanga na foromali (mti unaofungiwa tanga), na hata juu ya aina za tende, ilhali sikuwa na ubeti hata mmoja. Hakuna nilichosoma kilichokuwa cha upuuzi, na hapo ndipo hila ilipojificha, kwani kusoma kulikuwa kumekalia kiti cha kutunga, nami nikajiona nafanya kazi.

Dawa iliyonifaa ni kuandika kwanza kwa kile nilicho nacho. Unapofika mahali usipolijua jina la kamba au mwezi wa safari, weka nukta tatu uendelee, mradi mizani minane ya kipande, yaani silabi zake nane, isikuponyoke. Saa ya kutunga ikiisha, tafuta kile tu kilichoachwa wazi. Katika beti zangu sita za mwanzo pengo lilikuwa moja, nalo ni mwezi ambao vyombo vilianza kurudi kaskazini. Jibu, kwamba kusi huanza kushika Aprili, nililipata kwa dakika mbili, baada ya siku tatu za kusoma nisichokihitaji.

Kuhusu saa yenyewe, napendekeza ile inayofuata swala ya alfajiri, kabla harufu ya mahamri haijakuita jikoni. Anayevuka Likoni kwenda kazini ana nafasi nyingine pale ferini, si ya kuandika, kwa kuwa msongamano haumruhusu, bali ya kughani kimoyomoyo ubeti wa asubuhi na kusikia mahali unapochechemea.

Simu haihitaji maelezo marefu. Katika WhatsApp, zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha wenyewe, nyamazisha vikundi vyote, kisha uvihamishie kwenye gumzo zilizowekwa kando (Archived). Tangu 2021 WhatsApp huviacha huko hata ujumbe mpya unapoingia.

Lililo gumu ni kikundi cha ukoo. Hapa kwetu habari ya kifo hupitia humo, na maiti huenda akazikwa siku iyo hiyo baada ya adhuhuri au alasiri. Mtu akikosa janaza kwa sababu alikuwa akitafuta kina, hakuna atakayeupokea udhuru wake, na mimi pia nisingeupokea. Kwa hiyo usijitoe katika kikundi hicho, wala usijifanye huna jamaa. Mwendee mtu mmoja asiyepitwa na jambo, umweleze waziwazi, kama nilivyomwambia shangazi yangu: “Shikamoo, shangazi. Kila asubuhi mpaka saa mbili huwa sisomi ujumbe. Kukiwa na msiba au mgonjwa, tafadhali nipigie.” Kisha ipange simu yako ili iwe kimya kwa wote isipokuwa yeye na watu wengine wawili au watatu, kwani simu nyingi za siku hizi zinaruhusu hivyo. Shangazi alikubali, ingawa siku ya pili alinipigia kuniuliza kama nimekwisha kunywa chai. Niliiona hiyo kuwa gharama ndogo.

Saa yako ikimalizika, fungua kikundi cha ukoo kwanza, kisha cha kazini, na vilivyobaki uviache hadi jioni. Usijaribu kusoma kila ujumbe uliorundikana tangu usiku; anza na ule wa mwisho urudi nyuma, kwa kuwa jambo lenye uzito litakuwa limekwisha kurudiwa na watu watano. Ama zile video za vichekesho, hizo zitakungoja barazani baada ya magharibi, ambako jirani atakuonyesha upende usipende.